Paka wa Kibokoni na Hesabu za Siku

Kashata hakununuliwa wala hakuletwa na mtu. Alijileta mwenyewe mwaka 2019, akaingia kwa dirisha la jikoni kwetu Kibokoni, katika Mji wa Kale wa Mombasa, akala kichwa cha samaki aina ya changu kilichowekwa kando kwa ajili ya mchuzi, kisha akajikunja juu ya gunia la mchele akalala. Mamangu akamtoa kwa fagio. Kesho yake akarudi. Manyoya yake yana rangi ya kashata ya nazi iliyoungua kidogo upande wa chini, na jina likamkaa. Mama peke yake ndiye hakulikubali. Yeye alimwita Shume, yaani dume la paka, tena kwa sauti ya mtu anayetaja deni.

Mwisho wa 2022 nikapata kazi ya uuguzi Ujerumani, si mbali na Frankfurt, kuanzia tarehe 1 Februari 2023. Nilikuwa nimeshapita mtihani wa lugha, daraja la B2, vyeti vyangu vimetafsiriwa na kugongwa mihuri, nikajiona mtu aliyekomaa kwa makaratasi. Nikamwambia mama kuwa Kashata naenda naye.

"Wenda naye wapi?"

"Ujerumani, mama."

"Watu wazima na akili zao wanyimwa viza kila siku, wewe wataka kumpandisha ndege paka!"

Nilicheka. Nilijua paka haombwi viza. Nilichokuwa sijui ni kwamba paka huombwa siku, na siku hazina pa kukopa.

Mtu wa kwanza kumwuliza alikuwa mtoto wa ami yangu, aliyekaa Dubai miaka sita kisha akahamia Ujerumani na paka wake wawili. Akaniambia, "Mdunge chanjo ya kichaa cha mbwa, ngoja wiki tatu, chukua cheti, panda ndege. Basi." Hakunidanganya, maana yeye alifanya hivyo hivyo. Lakini Umoja wa Ulaya una orodha ya nchi ambazo inaridhika na hali yake ya kichaa cha mbwa. Falme za Kiarabu zimo, Bahreni imo. Kenya haimo, wala Tanzania, wala Uganda. Paka wa Dubai na paka wa Kibokoni wanaweza kuwa wa tumbo moja, lakini mlangoni Ulaya hawaulizwi maswali sawa. Wa kwetu lazima pia apimwe damu ionekane kama chanjo imeshika, na baada ya damu kutolewa asubiri miezi mitatu mizima kabla ya kuingia.

Sikuichukia sheria hiyo, na siichukii hata leo. Nikiwa mwanafunzi wa uuguzi nimemwona wodini mgonjwa wa kichaa cha mbwa, na sitaki kumweleza hapa. Dalili zikishaanza, kupona ni nadra kiasi cha kuhesabiwa kwa vidole, na karibu wote wanaoupata ugonjwa huu huupata kwa kuumwa na mbwa. Nchi iliyofanikiwa kuuondoa ina haki ya kumkagua paka wangu. Kilichoniuma ni ujinga wangu mwenyewe.

Maana Kashata alikuwa na chanjo! Tarehe 28 Septemba 2022, siku ambayo dunia huadhimisha mapambano dhidi ya kichaa cha mbwa, palikuwa na kampeni ya chanjo ya bure. Nilimbeba ndani ya kikapu cha sokoni kilichofunikwa kitambaa, akadungwa, nikapewa kadi. Kadi hiyo niliitunza pamoja na pasipoti yangu. Mwezi Januari nikaenda nayo kwa daktari wa wanyama kule Nyali, nikiwa na furaha ya mwanafunzi aliyemaliza kazi ya nyumbani mapema.

Daktari akaigeuza kadi, akamtazama Kashata. "Chipu yake iko wapi?"

"Hana. Ndiyo nimekuja atiwe leo."

"Basi chanjo hii haihesabiki."

Nikadhani ananitafutia bili. Akanieleza taratibu, kama anayeeleza kwa mara ya mia. Chanjo inayotambuliwa ni ile iliyodungwa siku ile ile ya chipu au baada yake. Kabla ya chipu, karatasi haina namna ya kuonyesha ni paka gani aliyedungwa. "Kadi yako yasema paka wa rangi ya chungwa, dume," akasema. "Mombasa hii ina madume mangapi ya rangi ya chungwa?"

Sikuwa na jibu. Wawili walikuwa wamelala nje ya kliniki yake wakati huo huo.

Basi tarehe 14 Januari 2023 tukaanza upya. Chipu yenyewe ni kitu kidogo, kama punje ya mchele, na huingizwa kwa sindano nene chini ya ngozi, kati ya mabega. Haina betri, wala haionyeshi paka aliko; watu wengi huchanganya hapo. Imebeba nambari tu, tarakimu kumi na tano, na haisemi neno mpaka ipitishiwe kisomeo. Uliza kabla haijatiwa kama ni ya viwango vya kimataifa vya ISO 11784 na 11785, kwa sababu chipu ya aina nyingine huenda isisomeke huko uendako, na hapo itakubidi ubebe kisomeo chako mwenyewe. Daktari akaitia, akaisoma, akabandika stika ya nambari kwenye kitabu kipya, na ndipo akachukua sindano ya chanjo. Kashata alimkwaruza mara moja tu.

Kisha daktari akageuza risiti na kunipigia hesabu nyuma yake. Kutoka chanjo, siku thelathini zipite kabla ya kutoa damu: tarehe 13 Februari. Kutoka siku ya damu, miezi mitatu: katikati ya Mei. Tiketi yangu ilikuwa ya tarehe 29 Januari.

Nililia ndani ya tuktuk kutoka Nyali mpaka tukavuka daraja. Halafu, kwa kujitesa, nikaipiga hesabu ile ile kuanzia Septemba. Kama siku ya kampeni Kashata angalikuwa na chipu, damu ingalitolewa tarehe 28 Oktoba na miezi mitatu ingalitimia tarehe 28 Januari. Siku moja kabla ya ndege yangu. Sindano moja, dakika mbili, ndizo zilizotutenga.

Hapo ndipo nilipojifunza kuhesabu kwa kurudi nyuma. Mtu huanza na leo na kuuliza nifanye nini. Aanze na siku ya ndege, arudi miezi mitatu, arudi mwezi mmoja tena, na hapo ajue chipu na chanjo viwe vimekwisha, na juu yake aongeze wiki kadhaa za ajali za dunia. Kwa sisi tunaotoka Afrika Mashariki kwenda Ulaya, miezi sita ndiyo nafasi ya kupumua.

Nilimwuliza daktari kwa nini miezi mitatu, ikiwa damu imeshaonyesha kinga iko. Jibu lake lilinikaa kwa vile mimi ni muuguzi. Ugonjwa huu hujificha mwilini wiki nyingi, pengine miezi, kabla ya kujitokeza. Paka anaweza kuwa aliumwa na mbwa mwenye ugonjwa kabla ya kuchanjwa, akapata chanjo, akaonyesha kinga nzuri kwenye kipimo, na bado amebeba maradhi yanayokuja polepole. Ile miezi mitatu ni ya kumtazama. Kipimo hujibu kama chanjo imefanya kazi. Muda hujibu kama chanjo ilichelewa.

Ikabaki habari ya nani akae naye.

"Nikae na shume lako? Mimi?" mama akasema. Nikanyamaza, maana nikimbembeleza hugoma. Baada ya Magharibi akaniuliza, bila kunitazama, anakula mara ngapi kwa siku.

Ujerumani nilifika kwenye theluji na bweni la wauguzi lisiloruhusu mnyama hata samaki wa chupani, kwa hiyo pengine miezi hiyo ilikuwa ya kheri. Nilikuwa natafuta nyumba huku mama, umri wake sitini na minane, akigeuka msaidizi wangu wa mambo ya paka kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp.

Damu walitoa tarehe 15 Februari. Mpwa wangu ndiye aliyemshika, mama akasimamia. Nilikuwa nimewaomba waende tarehe 13, wakachelewa kwa sababu kulikuwa na hitima jirani. Siku mbili kuzidi si hoja. Siku moja kupungua ndiyo balaa. "Wamemkamua damu kama mgonjwa wa malaria," mama akaniripoti, na katika sauti yake nikasikia ghadhabu ambayo haikuwepo Januari. Daktari aliisoma chipu kwanza, akaiandika nambari kwenye chupa na kwenye fomu, kisha damu ikazungushwa kwenye mashine ili seramu ijitenge, ikafungwa na barafu na kupelekwa Ulaya, kwenye maabara iliyo katika orodha inayotambuliwa. Maabara nyingine yoyote, hata iwe hodari vipi, jibu lake halifai. Kiwango cha kinga kinachotakiwa ni angalau yuniti 0.5 za kimataifa kwa kila mililita. Jibu lilichukua wiki kadhaa, na Kashata alikipita kiwango mara nyingi. Mpwa akaniambia ni kwa sababu ya dagaa.

Kipimo hicho kina jambo jema moja ambalo watu hawaambiwi: hakirudiwi, mradi chanjo za kuendeleza hazikatiki. Siku ya chanjo ikipita bila kudungwa, hata kwa siku moja, mnaanza upya kama wageni. Tarehe hiyo niliiandika kwenye simu yangu, ya mama na ya mpwa.

Kazi nyingine niliyowapa ilikuwa mafunzo. Kashata ni paka wa madari na vichochoro. Hajawahi kufungiwa, na haja zake alikuwa akizimaliza anakokujua yeye. Sasa alitakiwa akae saa nane ndani ya mkoba chini ya kiti, kisha aishi ghorofa ya tatu kwenye baridi. Mkoba niliuacha sebuleni, zipu wazi, na sharti langu lilikuwa moja: asisukumwe ndani. Chakula kiwekwe mlangoni mwa mkoba, wiki inayofuata kiingizwe ndani, kisha zipu ifungwe dakika moja wakati anakula, dakika tano, nusu saa. Halafu wazunguke naye kwa tuktuk mpaka Ngome ya Yesu na kurudi. Mama alisema huo ni wazimu. Lakini mpwa alinitumia picha, na kwenye picha yule anayeshika mkoba ndani ya tuktuk, buibui limetandwa vizuri kama anayekwenda harusini, alikuwa mama.

Habari ya choo tuliifanya kwa beseni. Mpwa alichota mchanga ufuoni, akausuuza chumvi, akauanika darini. Ilichukua wiki tatu, na vyungu viwili vya maua vya mama viliharibika katika shughuli hiyo.

Swali ambalo wengi huniuliza ni kwa nini nisingetafuta mtu wa kumpakia tu, nami nimpokee. Mnyama anayehama na mwenyewe husafiri na mwenyewe, au na mtu aliyepewa idhini kwa maandishi, na mwenyewe awe anavuka si zaidi ya siku tano kabla au baada yake. Zaidi ya hapo huhesabiwa kama biashara, na mlango wa biashara una masharti yake mengine na gharama zake nyingine. Nikaomba likizo, wakanipa wiki tatu za Mei.

Nilifika nyumbani mchana. Kashata alikuwa amelala juu ya mswala wa mama, mwili wote umetandazika. Nikamwangalia mama.

"Paka si najisi," akasema kabla sijafungua mdomo. "Soma hadithi ya Abu Qatada. Ni katika wanaotuzungukazunguka."

"Nami sijasema neno, mama."

"Na usiseme."

Nikamwinua. Nikamshusha. Nikaenda kutafuta mizani.

Kilo 7.1. Shirika nililokatia tiketi liliruhusu mnyama ndani ya ndege kama yeye na mkoba wake hawazidi kilo 8, na mkoba wangu, ule aliouzoea kwa miezi minne, ulikuwa kilo 1.2. Hesabu ya mtoto wa darasa la pili. Mama akaniambia hampi kitu, anampa makombo. Mpwa, akiwa nyuma ya mama, akanionyesha kwa vidole: mara nne kwa siku.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kumfungisha saumu. Daktari akanikataza vikali. Paka mnene akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili hukimbilia kwenye ini, na ini likishajaa mafuta anaweza kufa. Apunguziwe kidogo kidogo, tena si zaidi. Katika siku kumi alishuka mpaka kilo 6.9. Iliyobaki ikawa ni kubadili mkoba: nikapata mwepesi wa gramu 850, wa kitambaa, lakini mpya, wenye harufu ya dukani, na Kashata hakutaka hata kuutazama.

Mama aliingia chumbani kwake akatoka na leso yake ya kuswalia nyumbani, ile ambayo Kashata alikuwa akiilalia. Tukaipima. Nzito mno, tungepita kilo 8. Akachukua makasi, akakata pembe moja, pembeni, asiguse maandishi. Mamangu huyu nimemwona akikataa kuikata leso kumfungia mtu jeraha. Kile kipande kikaingia chini ya mkoba, na usiku huo Kashata akalala ndani yake.

Tulitoka Mombasa usiku wa tarehe 17 Mei kwa gari la mjomba, ili joto lisitukute njiani. Alitapika kabla ya Mtito Andei, mara moja, akanyamaza mpaka Nairobi. Mtoto wa ami, bado yuko na ushauri, alikuwa amenipigia kuniambia nimpe kidonge cha usingizi. Nimefanya kazi wodini; nikajua kwa nini nisithubutu. Dawa za aina hiyo hushusha shinikizo la damu na kuudhoofisha mwili usiweze kujirekebishia joto, na angani hakuna wa kumwamsha. Mashirika ya ndege nayo hukataa mnyama anayepepesuka kwa dawa. Mnyime chakula saa chache kabla ya ndege, maji usimnyime.

Cheti cha afya ndicho karatasi ya mwisho na ndicho chenye uhai mfupi kuliko zote. Kwa sheria zilizokuwapo niliposafiri, kilitakiwa kisainiwe na daktari wa mifugo wa serikali, na tangu siku ya kutolewa mpaka ukaguzi wa mlangoni Ulaya zisipite siku kumi. Kwa hiyo hakitafutwi mapema. Mimi nilikuwa nimechapisha fomu ya Kiingereza pekee. Usiku mmoja kabla ya kwenda ofisini nikasoma maandishi madogo ya chini: iwe kwa Kiingereza pamoja na lugha ya nchi unayoingilia. Nikaamka alfajiri kutafuta pa kuchapisha ile ya Kijerumani na Kiingereza. Na kuna jingine dogo zaidi: rangi ya saini isifanane na rangi ya maandishi yaliyochapishwa. Nilikwenda na kalamu mbili za buluu mkobani. Daktari wa serikali alipotoa kalamu nyeusi nikampa yangu, kwa adabu zote. Akacheka, akasema ni mara chache kuona mtu aliyesoma mpaka chini. Sikumweleza habari ya Septemba.

Tarehe 19 Mei kilikuwa mkononi. Ndege ilikuwa tarehe 23 usiku.

Uwanja wa Jomo Kenyatta una jambo moja ambalo hakuna aliyenitahadharisha: kwenye ukaguzi, mkoba hupita kwenye mashine ukiwa mtupu, na paka hubebwa mikononi. Fikiria paka wa Kibokoni, kengele zinalia, mikanda inabingirika, watoto wanapiga kelele, na milango iko wazi pande zote. Kilichoniokoa ni ule mkanda wa kifuani niliomvisha tangu nyumbani, kamba yake nimeizungusha mara mbili kwenye kifundo cha mkono. Makucha yake yaliingia begani mwangu yakakaa hapo. Afisa mmoja wa kike akaniambia ningeomba chumba kilichofungwa, wangenipa. Basi wewe utakayepita, omba.

Kwenye kaunta tulipimwa: kilo 7.8. Nilikuwa nimepiga simu wiki sita kabla kumwandikishia nafasi, maana kila ndege huchukua wanyama wachache tu ndani, na nikataka jibu kwa maandishi. Angani alilia kwa dakika ishirini za kwanza. Jirani yangu, mzee wa Kikikuyu aliyekuwa akienda kumwona mwanawe, akaniuliza kama ni mtoto. Nikamwambia ni paka. Akafikiri kidogo, akasema, "Basi huyu amepata kabla yangu. Mimi viza yangu imechukua miezi saba." Nikamhesabia miezi ya Kashata kuanzia Septemba. Ilikuwa karibu minane, na mzee alifurahi sana kusikia hivyo.

Frankfurt huruhusiwi kupita mlango wa kijani wa forodha na mnyama. Unakwenda mlango mwekundu, wa wenye kitu cha kutangaza. Hofu niliyokuwa nayo pale ni ya mtu anayejua kilichoandikwa: kasoro ikionekana, mnyama hurudishwa alikotoka, au huwekwa karantini kwa gharama ya mwenyewe, na yote hayo yakishindikana, huuawa. Mkaguzi akapitisha kisomeo mabegani mwa Kashata. Kikalia. Akasoma tarakimu moja moja, akilinganisha na cheti, na jibu la maabara, na kitabu cha chanjo. Akaangalia tarehe ya chipu. Akaangalia tarehe ya chanjo. Zote 14 Januari. Akahesabu kwa kidole mpaka 15 Februari, kisha mpaka Mei. Ile hesabu ya nyuma ya risiti, ikipigwa tena na mtu asiyenijua. Nikalipa ada, akagonga muhuri, akasema kwa Kijerumani kuwa ni paka mzuri lakini mnene.

Tangu wakati huo nimegeuzwa ofisi ya bure. Wenye mbwa huniuliza pia, na wao kazi yao ni kubwa kuliko yangu. Mbwa mkubwa husafiri kwenye tumbo la ndege ndani ya kizimba, na kizimba kina vipimo: asimame bila masikio kugusa dari, ageuke, alale akiwa amejinyoosha. Wenye pua fupi, kama bulldog na pug, mashirika mengi huwakataa kwa sababu ya pumzi. Uingereza mnyama haingii akiwa chini ya kiti chako. Huja kama mzigo. Na Marekani, tangu tarehe 1 Agosti 2024, mbwa lazima awe ametimiza miezi sita na ana chipu, na anayetoka nchi kama Kenya au Tanzania ana masharti ya ziada. Kila nchi na mlango wake. Ukiambiwa na mtu "mimi nilifanya hivi," mwulize kwanza alitoka wapi, akaenda wapi, mwaka gani.

Nyumba nilikuwa nimeipata Aprili, na mwenye nyumba aliniandikia kuwa paka anaruhusiwa. Mbwa angelipiwa kodi manispaa, paka halipiwi. Kashata alikaa nyuma ya mashine ya kufulia siku mbili, akatoka siku ya tatu, akala, akaukagua mchanga wa paka wa dukani, ule wa udongo wenye harufu ya maua, akauacha kama ulivyo na kwenda kwenye zulia. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi nikanunua gunia la mchanga wa watoto wa kuchezea. Mweupe, mkavu, kama wa ufuoni. Akaingia mara moja. Kile kipande cha leso sikukifua mpaka mwezi wa Agosti.

Mama hupiga simu Ijumaa. Husema salamu za nyumbani, huuliza kazi, kisha husema, "Mlete." Namweka Kashata mbele ya simu, na mama humwita Shume, naye hugeuza sikio moja.

Mwaka jana akanitumia picha bila maneno. Paka mdogo, kijivu, juu ya mswala ule ule. Chini yake kitabu cha chanjo kimefunguliwa, stika yenye tarakimu kumi na tano juu, sindano chini, tarehe moja. Nikampigia kumwuliza huyo naye anasafiri lini.

"Huyu hendi popote," akasema. "Lakini chipu imetangulia."